Tulibishana Lamu au Mombasa, Mzee hatukumwuliza

Ukiishi Burat, bahari ni kitu cha kusimuliwa. Sisi wa huku Isiolo maji tunayoyajua ni ya mto Isiolo, na hata hayo wakati wa kiangazi huyagawana kwa zamu: shamba hili leo, shamba lile kesho, na anayechelewa kuamka hukuta mfereji mkavu. Mtu akija akasema kuna maji yasiyo na ng'ambo, tena hayanyweki, watoto humtazama kama mtu anayewafanyia mzaha.

Baba yangu alikuwa na miaka 84 Agosti 2025, wakati wa safari ninayotaka kuisimulia. Maisha yake yote amechunga mbuzi, na siku hizi amebaki na wachache pamoja na punda mmoja mkaidi ambaye hakubali kubebeshwa na mtu mwingine. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka kwa daktari wa macho baada ya kugundua kuwa anajikwaa kwenye vitu vilivyo kando yake. Tuliambiwa ni glakoma, ile ambayo wengi huiita presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Huanza kuiba pembeni, polepole, ukiingia ndani, hata mtu akabaki anautazama ulimwengu kama anayechungulia ndani ya mwanzi. Daktari alieleza kwamba dawa ya matone ingesaidia kuhifadhi kilichobaki, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwambia mama watoto, "Mzee hajawahi kuona bahari. Tumpeleke kabla hajaingia gizani."

Akaniuliza, "Kwa pesa gani?"

Swali zuri. Tulikuwa na pesa za vitunguu ambazo tulikusudia kununulia mabomba ya maji ya shambani. Mabomba yakasubiri. Mzee aliposikia, aliuza mabeberu wawili akaniletea pesa zote zikiwa zimefungwa kwenye leso, asiseme neno. Likizo ya Agosti ilipofika tulikuwa na pesa za kutosha watu watano kwa siku sita, wala si saba. Sasa ikabaki kuchagua mahali.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika kama bunge.

Kijana wangu, aliyekuwa gredi ya sita, alitaka Mombasa, tena bila mjadala. Alitaka treni, alitaka feri, alitaka Ngome ya Yesu waliyoijenga Wareno mwaka 1593, na zaidi ya yote alitaka kupaona mahali alipoishi Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi Desemba 2004 na kupelekwa Haller Park, akafanya urafiki na kobe mkongwe aliyeitwa Mzee. "Babu ataona mahali pa Mzee mwenzake!" akasema, na sote tukacheka isipokuwa babu yake, ambaye hakuelewa kobe anaingiaje katika mambo haya.

Mke wangu naye alikuwa upande wa Mombasa, kwa sababu za kina mama, ambazo mara nyingi ndizo sababu za kweli. Kuna hospitali kubwa karibu. Kuna binamu yangu Changamwe ambaye angetulaza wawili watatu. Ukikosa kitu unakipata dukani, hata usiku.

Binti yangu, kidato cha tatu, alitaka Lamu. Mwalimu wao wa historia alikuwa amewajaza mambo ya mji ule: nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchongwa, na jinsi UNESCO ilivyouweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. "Mombasa ni mji kama Nairobi, baba, ila una joto," akasema. Watu wa Mombasa wamsamehe, alikuwa hajafika.

Na mimi nilitaka Lamu. Niungame hapa kwamba sababu yangu haikuwa historia wala Mzee. Msomaji anayeishi mjini huenda amelisahau jina la LAPSSET, lakini sisi wa Isiolo hatujapata nafasi ya kulisahau. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki alizindua mradi huo kule Lamu, akiwa na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Bandari ingejengwa Lamu. Kutoka huko zingekuja barabara, reli na bomba la mafuta hadi Isiolo, halafu zigawanyike kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Juu ya hayo Isiolo ingepata mji wa kitalii, na Lamu nayo wake. Tangu siku hiyo watu wenye magari makubwa walianza kuja kuuliza bei ya ardhi, na majirani waliokuwa wakigombania maji tu wakaanza kugombania mipaka. Nilitaka kwenda kuuona kwa macho yangu ule mwisho wa kamba ambayo mwanzo wake ulikuwa umeshaanza kutufunga miguu.

Yule binamu wa Changamwe, aliyeendesha magari ya watalii kwa miaka mingi, nilipompigia simu alinicheka. Alisema hata matajiri wanaozunguka bahari kwa meli za kitalii huumia kichwa kwa jambo hili hili. Meli hutia nanga alfajiri na kuondoka jioni, na mtu ana siku moja tu mkononi. Bandari ya mji mkubwa ina gati. Mgeni anashuka ngazi, na punde si punde yuko Mji wa Kale anapima vikoi. Lakini kwenye visiwa vidogo meli husimama mbali, watu wakateremshwa kwa vimashua, kundi baada ya kundi, na saa nzima ikapotea kwenda na nyingine kurudi. Bahari ikichafuka nahodha hukipita kisiwa kama basi lililojaa linavyokipita kituo, na mtu aliyelipa aone mnazi mmoja na mchanga mweupe akaishia kuviona kwa mbali. "Na wapo wasioteremka kabisa," binamu akaongeza. "Wamevuka dunia nzima waje wale chakula humo humo ndani."

Yeye mwenyewe alizionja taabu za biashara hiyo. Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na Somalia ilipokuwa ikielekea Mombasa, na baada ya hapo, kwa miaka kadhaa, meli za aina hiyo ziliadimika pwani yetu. Binamu aliuza maji baridi kando ya barabara hadi ziliporudi.

"Njooni Mombasa," akamalizia. "Kisiwa ni cha mwenye siku nyingi. Nyinyi mna sita."

Mzee alikuwa amekaa nje akinoa panga lake. Nilitoka nikamwambia, kama kumpasha habari tu, kwamba tunafikiria kwenda Lamu, ila watoto wanataka Mombasa. Akasema, "Bahari ni bahari. Nitakwenda mnakokwenda." Nikaichukua hiyo kuwa kura ya tatu kwa upande wangu. Tazama ujanja wa mtu mzima! Lamu ikashinda.

Sasa, safari yenyewe. Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni kama kilomita 285, na tuliziendea kwa matatu tukiwa na furaha. Jioni tukaingia stesheni ya Syokimau. Tiketi ya daraja la chini ilikuwa shilingi 1,500 kwa mtu mzima, na treni ya usiku huondoka saa nne. Kijana wangu alikuwa ameahidiwa atawaona ndovu wa Tsavo dirishani. Ni mimi niliyesahau kwamba ndovu hawawashi taa. Alichungulia giza mpaka Voi, kisha akalala kwa hasira.

Tulishuka Miritini kabla ya saa kumi alfajiri. Matatu ikatufikisha Mwembe Tayari, na kabla ya jua kuchomoza tulikuwa ndani ya basi la Lamu. Hivyo ndivyo tulivyoipita Mombasa, gizani, tukiwa na usingizi, mizigo magotini. Mzee aliuliza mara moja tu, "Hapa ni wapi?" Nikamjibu, "Mombasa, Baba. Sisi tunapita." Akanyamaza.

Njia ya Malindi hadi Garsen, kisha Witu na Mokowe, ni lami siku hizi, lakini ni ndefu, na hasa kwa mkongwe. Baada ya Garsen tulisimamishwa mara kadhaa na askari, vitambulisho mkononi, kwani eneo lile limeona mashambulizi tangu yale ya Mpeketoni Juni 2014. Mke wangu alikuwa akinitazama kila tuliposhuka, na sikuwa na haja ya kuuliza anafikiria nini. Alasiri tulifika Mokowe, tukaingia katika mashua, na dakika chache baadaye ukaja ule ukuta mweupe wa nyumba za Lamu ukiota kutoka majini.

Nitasema haki. Lamu ni mahali pa raha. Ukishatoka Isiolo, ambako malori ya kwenda Moyale yanapita usiku kucha, kimya kile kinakushtua masikioni. Magari hamna, isipokuwa machache mno; kazi yote ni ya punda. Mzee alipowaona alichangamka kama aliyekutana na jamaa zake. Aliwasimamisha, akawapapasa migongo kutafuta vidonda, akamkaripia kijana mmoja aliyepakia mchanga mwingi kuliko kiasi. Yule kijana, badala ya kukasirika, alimshika mkono akampeleka kwenye zahanati ya punda iliyoko ufuoni, ambayo iko kisiwani tangu 1987. Mzee alikaa huko asubuhi nzima. Tukimkosa, tulijua yuko huko.

Lakini vichochoro vilimtesa. Mtu anayeona kwa tundu la mwanzi hapaswi kutembezwa katika njia ambapo kuta mbili unaweza kuzigusa kwa mikono, mtaro katikati, ngazi hapa na pale, na nyuma yako mtu anapiga kelele "Simile! Simile!" na punda amekwisha kukufikia. Alijikwaa mara mbili, mara ya pili akachubuka goti. Watu wa Lamu walitutolea kiti, maji na kahawa, na wakatupa pole nyingi kuliko jeraha lenyewe. Hata hivyo nilianza kuona kwamba mji huu nilimchagulia mtu mwingine, mwenye macho.

Kijana naye, siku ya pili, baada ya ngome, uwanja wa Mkunguni na kuogelea Shela, aliniuliza kwa adabu zote, "Baba, tumemaliza Lamu?"

Dada yake nusura ampige. Yeye alikuwa hajamaliza hata mtaa mmoja. Alikuwa akinakili michoro ya milango katika daftari la hesabu, na mama wa nyumba tuliyopanga alikwisha kumfundisha kupika mkate wa kumimina. Kwa mwanafunzi mwenye subira na daftari, sina mahali pengine pwani yote pa kumshauri kabla ya Lamu. Kwa mtoto wa miaka 12 mwenye miguu, naomba radhi, ni Mombasa.

Mimi nilikodi mashua nikaenda kuitazama bandari mpya kule upande wa bara, Kililana. Gati la kwanza lilianza kazi tarehe 20 Mei 2021, na sasa ni matatu. Winchi kubwa zimesimama kama twiga waliokosa majani. Nahodha wa mashua, mvuvi wa zamani, alinionyesha walikokuwa wakivua kabla ya uchimbaji kuchafua maji. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Nilimwuliza na reli ya kuja kwetu je? Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Labda wewe utaiona ukitokea upande wako." Tukacheka sote wawili, kicheko cha watu walioahidiwa na mtu mmoja.

Jioni ya siku hiyo tuliketi ukingoni mwa bahari, maji yakijaa. Jahazi moja lilikuwa likishusha tanga. Mzee aliligeukia, akalitafuta kwa jicho mpaka akalipata, akalitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni hapa?"

"Hapa nini, Baba?"

"Hapa alipopandia."

Sikumwelewa. Ni mke wangu aliyeelewa kwanza, kwa maana nilimwona akiweka mkono mdomoni.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Pili. Jambo hili tunalijua wote nyumbani, kama tunavyojua jina la ukoo, yaani bila kulifikiria. Mwaka 1944 alichukuliwa na wenzake kwenda kupigana na Wajapani upande wa Burma. Baba alikuwa na miaka mitatu. Habari zilizomfikia nyanya yangu zilikuwa maneno machache mno: amepanda meli Kilindini, meli imezama. Hakuna kaburi, hakuna picha. Baba amelibeba neno Kilindini miaka 81.

"Siyo hapa," nikamwambia. "Kilindini ni Mombasa."

"Ile tuliyoipita usiku?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari imepanda.

"Baba, mbona hukusema tulipokuwa tukichagua?"

"Mlikuwa mkiulizana ninyi," akajibu. "Mimi niliambiwa tu."

Binti yangu usiku ule alikesha na simu ya mama yake. Asubuhi alinionyesha alichokipata. Meli moja, Khedive Ismail, iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, ndani yake wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa. "Nimwambie babu?" akauliza. Nikamwambia amwambie. Alimsomea polepole, akitafsiri, na Mzee alimtaka arudie mahali pamoja tu: ile hesabu ya dakika.

Tulikuwa na siku moja imebaki Lamu. Tuliikata. Hakuna aliyepiga kura. Kijana wangu, ambaye ningetarajia asherehekee kwamba sasa Mombasa imeshinda, alikunja nguo zake bila kuambiwa akaubeba mkoba wa babu yake.

Basi lililotuchukua alfajiri lilipata pancha mbili, ya pili mbali na mahali popote penye fundi. Nilikaa kando ya barabara nikilihesabu jua. Kwa mgonjwa wa macho yale, mwanga wa jioni ni kama pesa za mwisho wa mwezi. Tulipoingia Mombasa ilikuwa imebaki nusu saa magharibi ifike. Ngome ya Yesu tuliipungia mkono tu, na Haller Park tulikuwa tumeshaipita bila mtu kuitaja. Teksi ikatupeleka moja kwa moja Likoni.

Kwa msomaji ambaye hajafika, feri ya Likoni hukatiza mlango ule ule ambao kila meli ya Kilindini lazima ipite, iwe inaingia au inatoka. Kilindini maana yake ni mahali pa kina kirefu, na kweli meli kubwa ajabu hupita pale karibu na watu wauzao korosho. Tulimweka Mzee mbele kabisa, penye chuma cha kushikilia, mimi kushoto, kijana kulia. Jua lilikuwa limekwisha kuzama upande wa Changamwe, na taa za bandari zimeanza kuwaka. Najua alichokuwa akikiona: duara dogo, na ndani yake nuru mbili tatu zinazocheza majini.

Tulipofika katikati, feri ikapunguza mwendo. Meli ya makontena ilikuwa ikipita mbele yetu, nyeusi, ndefu, isiyokwisha, na ngurumo yake tuliisikia miguuni kabla ya masikioni.

"Ni nini hiyo?" akauliza Mzee.

"Ni meli, Babu," kijana akasema. "Kubwa kabisa."

"Inaingia au inatoka?"

Kijana akaangalia. "Inatoka."

Mzee akavua kofia yake. Hakulia, na wala hakusema neno. Alisimama vile, kofia kifuani, uso ukiifuata ngurumo mpaka ikaisha, na kwa vile feri ilikuwa imejaa watu watokao kazini, wengine wakitafuna korosho, wengine wakibishana kuhusu mpira, hakuna aliyetushughulikia.

Ng'ambo tulishuka, akasema turudi. Tukarudi. Upande wa mjini akasema tena. Mke wangu akanikumbusha kwamba treni ni ya saa nne na Miritini si karibu, na mizigo lazima ikaguliwe. Nikamwambia tuna wakati kidogo. Kwa waendao kwa miguu feri hailipishwi. Tulivuka mara nne jioni ile, na mara ya nne kijana wangu hakungoja kuulizwa: kila ilipopita mashua, tishali au meli, alimwinamia babu yake sikioni akamwambia ni nini, na inaelekea wapi.